Skrubu 47: historia ya ndege zilizoangushwa na daftari

Kunako tarehe 15 Aprili 2008, ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa kwenye uwanja wa Goma. Ilipita mwisho wa njia yake na kuingia katika mtaa wa Birere, katikati ya maduka na nyumba za watu. Makumi ya watu walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa sokoni, barabarani au majumbani mwao. Miaka 11 baadaye, tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo aina ya Dornier 228 iliyokuwa ikielekea Beni ilianguka katika mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kuruka. Wote waliokuwa ndani walikufa, pamoja na watu waliokuwa nyumbani kwao asubuhi hiyo ya Jumapili.

Kila ajali ina sababu zake, na si kila ajali inatoka mikononi mwa mafundi. Lakini Goma ni mji ambao ndege huweza kumwangukia hata mtu asiyewahi kukata tiketi. Ndiyo maana swali hili linamhusu kila mkaaji: kabla ndege haijaruka, nani aliikagua, na aliandika nini?

Swali hili lina uzito pia mbali na Goma. Mashariki mwa Kongo, ndege si starehe ya matajiri. Pahali kama Shabunda, barabara inapokatwa na tope au na vita, ndege ndogo ndizo zinazoleta chumvi, sabuni na dawa. Familia zilizohama vita zinajua vilevile kwamba mara nyingine chakula cha msaada, chanjo au mgonjwa mahututi hawana njia nyingine isipokuwa ya angani. Mtu hachagui ndege kwa kupenda, anapanda iliyopo.

Historia ya usafiri wa anga ina ajali kadhaa ambazo wachunguzi, baada ya kuokota vipande vyote, hawakukuta dhoruba wala bomu. Walikuta ukurasa mtupu, tarakimu iliyobadilishwa, au kitabu ambacho hakuna aliyekifungua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ndege, kinachopotea ni roho za watu.

Daftari la ndege lina kazi gani

Mama yeyote aliyempeleka mtoto kupata chanjo anajua kazi ya kadi. Muuguzi wa leo hamjui mtoto, na hakuwepo siku ya chanjo ya kwanza. Anasoma kadi, anaona tarehe na sahihi, anajua kilichobaki. Kadi ikipotea, au ikijazwa uongo, mtoto anaweza kupewa dawa mara mbili au asipewe kabisa.

Ndege nayo ina kadi zake. Kuna daftari linalosafiri nayo, ambamo rubani anaandika kila kasoro aliyoiona, na fundi anajibu chini yake: nimefanya hivi, nimebadilisha kifaa hiki, hii hapa sahihi yangu. Kuna kadi za kazi katika karakana, zinazoonyesha hatua moja baada ya nyingine. Kuna historia ya kila injini na kila kifaa kikubwa, inayohesabu saa za kuruka na idadi ya safari, kwa sababu vifaa vingi vina umri maalumu na vikifikia umri huo vinatolewa hata kama vinaonekana vizima. Kazi nyingine nyeti zinadai watu wawili: mmoja afanye, mwingine akague. Mwishoni, mtu mwenye cheti anatia sahihi kwamba ndege inafaa kuruka.

Sababu ya haya yote ni rahisi. Karakana za ndege zinafanya kazi usiku na mchana, kwa zamu. Anayefungua mlango wa injini saa tatu usiku si lazima awe yule atakayeufunga saa kumi alfajiri. Kati ya watu hao wawili kinachobaki ni maandishi.

Texas, 1991: ukurasa uliobaki mtupu

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 1991, katika karakana ya kampuni ya Continental Express mjini Houston, jimbo la Texas nchini Marekani, mafundi walipewa kazi ya kawaida. Ndege ilikuwa aina ya Embraer 120, yenye injini mbili za panga, iliyotengenezwa Brazili. Kazi ilikuwa kubadilisha mipira iliyobandikwa kwenye ukingo wa mbele wa mabawa madogo ya mkiani. Juu angani kuna baridi kali hata pale ambapo chini kuna joto, na barafu hujikusanya kwenye ukingo huo. Mipira hiyo huvimba kwa hewa na kuivunja barafu.

Mkia wa ndege hii una umbo la herufi T: mabawa madogo yako juu kabisa, kama mita 6 kutoka chini. Ili kubadilisha mpira, fundi anapaswa kuondoa ukingo wote wa mbele, ambao umeshikwa na safu mbili za skrubu, au visi kama mafundi wa Goma na Bukavu wanavyoziita: safu moja juu, nyingine chini.

Mafundi wa zamu ya jioni walipanda kwa mashine ya kuinulia na kuanza upande wa kulia. Mkaguzi wa zamu hiyo, ambaye kazi yake halisi ilikuwa kuangalia kazi ya wengine, alipanda kuwasaidia. Alifungua skrubu za juu upande wa kulia. Kisha akavuka juu ya mkia na kufungua skrubu za juu upande wa kushoto, maana pande zote mbili zilipangwa kubadilishwa usiku huo. Skrubu za kushoto zilikuwa 47.

Hapo zamu ikabadilika. Zamu ya usiku ilipoingia, iliona kwamba muda wa kumaliza pande zote mbili haupo, kwa kuwa ndege ilitakiwa iruke asubuhi. Ikaamuliwa kubadilisha mpira wa kulia tu. Ndege ilitolewa nje ya karakana ili kuipisha nyingine, kazi ikaendelea gizani. Upande wa kulia ulimalizwa vizuri, skrubu zake zikarudishwa zote. Kuhusu upande wa kushoto, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuugusa. Kwa mtu aliyesimama chini, ukingo ulikuwa mahali pake, umeshikwa na skrubu za chini. Kwamba zile za juu zimeondolewa, kulihitajika mtu apande na kuchungulia, au asome pahali imeandikwa.

Haikuandikwa. Kadi za kazi za zamu ya jioni hazikujazwa ipasavyo. Mkaguzi aliyefungua skrubu aliandika katika daftari lake la kukabidhiana kwamba alisaidia kuondoa mipira, bila kutaja upande wa kushoto. Maelezo ya mdomo yalitolewa kati ya baadhi ya mafundi, lakini hayakumfikia aliyeyahitaji. Na yule mkaguzi, ambaye angekuwa jicho la pili, alikuwa ameshakuwa mkono wa kwanza. Jicho la pili halikuwepo tena.

Asubuhi ndege ilikwenda Laredo, karibu na mpaka wa Meksiko, ikafika salama. Ikageuka kurudi Houston ikiwa na abiria 11 na wafanyakazi 3. Mnamo saa nne asubuhi, ikiwa inashuka karibu na mji mdogo wa Eagle Lake, upepo uliinua ukingo wa kushoto wa mkia na kuung'oa. Pua ya ndege iliinama ghafla kuliko chuma kinavyoweza kuvumilia, na ndege ikakatika vipande angani. Watu wote 14 walikufa.

Wachunguzi walipoupata ukingo ule, ulieleza habari yote wenyewe: upande wa chini skrubu zilikuwepo, upande wa juu mahali pa skrubu 47 palikuwa patupu. Zilikuwa zimebaki karakanani.

Jeddah, 1991: tarakimu zilizobadilishwa

Miezi miwili tu kabla ya ajali hiyo, Afrika ilikuwa imepata msiba mkubwa zaidi, na huko daftari halikuwa tupu. Lilikuwa limejazwa, lakini uongo.

Tarehe 11 Julai 1991, baada ya ibada ya Hija, mahujaji 247 wa Nijeria walipanda ndege aina ya DC-8 mjini Jeddah, Saudia, ili kurudi nyumbani Sokoto. Safari ilikuwa kwa jina la shirika la ndege la Nijeria, lakini ndege na wafanyakazi wake 14 walikuwa wa kampuni ya Kanada, Nationair, iliyokodiwa kwa kazi ya msimu huo.

Siku chache kabla, fundi mkuu wa ndege aligundua kwamba baadhi ya matairi yana upepo mdogo kuliko kipimo kinachoruhusiwa. Matairi ya ndege hujazwa naitrojeni, na siku hiyo naitrojeni haikupatikana kwa urahisi. Kungojea kungechelewesha safari, na msimamizi wa mradi hakutaka ucheleweshaji. Ndege ikaachiliwa iruke bila matairi kujazwa. Katika karatasi, vipimo vya upepo vilibadilishwa ili vionekane kuwa sawa.

Dereva wa lori la Goma au Butembo anaelewa kilichofuata bila kuelezwa sana. Matairi mawili yaliyo pamoja yanagawana mzigo. Moja likilegea, jirani yake linabeba mzigo wa yote mawili, linapata moto na kupasuka. Ndivyo ilivyokuwa ndege ilipokuwa ikikimbia katika njia ya kurukia. Tairi la kwanza lilipasuka, la pili likafuata, na gurudumu lililoacha kuzunguka likaburuzwa kwenye lami kwa mwendo wa kasi mpaka likawaka moto. Kisha ndege ikapaa, na magurudumu yakakunjwa ndani ya tumbo lake, pamoja na moto.

Ndani ya chumba cha marubani, vipimo vilianza kuonyesha kasoro moja baada ya nyingine. Kila moja ilionekana kama shida yake peke yake, na marubani walichelewa kuelewa kwamba zote zina mzizi mmoja chini ya miguu yao. Walipogeuza ndege kurudi Jeddah, moto ulikuwa umeshakula sakafu ya abiria. Ndege ilianguka karibu kabisa na uwanja. Watu wote 261 walikufa. Ajali hiyo ilibaki katika historia kama mbaya kuliko zote zilizowahi kuipata ndege ya aina ya DC-8.

Katika msiba huu hakuna aliyesahau. Fundi alijua. Wakubwa wa safari walielezwa. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kusema kwamba ndege hii hairuki, na maandishi ya kweli ambayo yangempa nguvu ya kusema hivyo. Badala yake, karatasi zilitumika kama blanketi la kufunikia tatizo. Kampuni yenyewe haikudumu; ilifunga milango mwaka 1993.

Birmingham, 1990: kitabu kisichofunguliwa

Mwaka mmoja kabla ya hapo, nchini Uingereza, kosa lingine lilikaribia kuua watu 87, na likawaacha wote wakiwa hai.

Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham kuelekea Malaga, Hispania. Ilipofika kimo cha zaidi ya mita 5,000, kioo cha mbele upande wa nahodha kiling'oka chote. Hewa ya ndani ilitoka kwa nguvu na kumvuta nahodha, Tim Lancaster, mpaka nusu ya mwili wake ikawa nje juu ya paa la ndege. Mhudumu Nigel Ogden alimkamata kiunoni, wenzake wakaja kumsaidia kushika, na rubani msaidizi Alastair Atchison akaishusha ndege mjini Southampton. Wahudumu waliamini wanashika maiti. Nahodha alikuwa hai, akapona, na baadaye akarudi kazini.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 tu kabla ya safari. Kilishikwa na bolti 90. Kati ya hizo, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa tofauti isiyofika milimita 1, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi mno. Aliyezifunga hakuwa mwanagenzi. Alikuwa msimamizi wa zamu mwenye uzoefu, aliyeamua kufanya kazi mwenyewe usiku kwa sababu watu hawakutosha. Alichukua bolti ya zamani, akaenda stoo, akatafuta nyingine zinazofanana nayo kwa kuangalia kwa macho. Kumbe hata ile ya zamani haikuwa saizi sahihi. Kitabu kinachotaja namba kamili ya bolti kilikuwepo. Hakukifungua.

Tena, kwa kanuni za wakati ule, kazi ya kioo haikudai mtu wa pili wa kukagua. Mtu mmoja aliyechoka, anayejiamini, anayetaka ndege iwe tayari asubuhi, alikuwa fundi, mkaguzi na mtia sahihi kwa pamoja. Wachunguzi walisema wazi kwamba hakuwa mvivu wala mwenye nia mbaya. Alikuwa mfanyakazi wa kutegemewa, na hilo ndilo lililowatia hofu: kama mtu wa namna hiyo anaweza kukosea hivyo, basi hakuna anayeweza kuaminiwa kwa sura yake tu.

Taiwan, 2002: ukarabati wa miaka 22

Makosa hayo matatu yalijitokeza ndani ya saa au siku chache. Mengine yanangoja hadi kizazi kingine cha mafundi.

Mwezi Februari 1980, ndege aina ya Boeing 747 ya China Airlines ilipotua Hong Kong ilikwangua mkia wake kwenye lami. Miezi michache baadaye ilitengenezwa: bamba jipya la chuma liliwekwa juu ya sehemu iliyochubuka. Kitabu cha mtengenezaji kilidai sehemu iliyoharibika ikatwe na kuondolewa, au bamba lizidi kwa upana wa kutosha. Haikufanywa hivyo. Mikwaruzo iliachwa chini ya bamba, na mingine ilipita nje ya mahali bamba lilipoishikilia. Katika daftari, kazi yote iliandikwa kwa ufupi sana, kwamba ukarabati umefanywa kulingana na kitabu. Hakukuwa na maelezo ya kutosha ya kilichofanyika kweli.

Ndege ikaruka miaka 22. Kila safari, mwili wa ndege hutanuka kidogo inapopanda na hunywea inaposhuka, kama kifua kinachopumua. Kila pumzi ilizidisha ufa katika mikwaruzo ile, chini ya bamba ambalo kwa nje lilionekana zima. Mafundi waliokuja baadaye walisoma karatasi iliyosema kazi ilifanywa kwa kanuni, hawakuwa na sababu ya kulifunua. Tarehe 25 Mei 2002, ikitoka Taipei kwenda Hong Kong, ndege ilipasuka angani karibu na visiwa vya Penghu. Watu wote 225 walikufa. Mstari mfupi ulioandikwa mwaka 1980 ulikuwa umewadanganya mafundi wa miaka 22.

Alaumiwe nani?

Baada ya ajali, jambo la kwanza ambalo watu hutaka ni jina. Ni nani aliyefungua skrubu? Afungwe, afukuzwe, na yaishe. Historia ya ajali hizi inaonyesha kwamba hayaishi hivyo.

Katika ajali ya Eagle Lake, tume ya uchunguzi ya Marekani iliwataja mafundi na wakaguzi walioacha kufuata utaratibu, ikaitaja pia serikali iliyopaswa kuisimamia kampuni. Lakini mjumbe mmoja wa tume, John Lauber, alitofautiana na wenzake. Kwake, sababu kuu ilikuwa juu zaidi: uongozi wa kampuni haukujenga mazoea ya kazi yanayomhimiza na kumlazimisha kila mtu kufuata utaratibu. Watu wengi waliruka hatua usiku ule, si mmoja. Wengi wanaporuka hatua kwa pamoja bila aibu, maana yake ni kwamba kuruka hatua ndiyo desturi ya nyumba hiyo. Wakati ule hoja yake ilionekana ngeni. Leo inafundishwa katika vyuo vya usafiri wa anga.

Mwaka 1993, nchini Kanada, Gordon Dupont wa wizara ya uchukuzi alikusanya mambo 12 yanayomfanya fundi mzuri akosee. Miongoni mwake kuna kutopashana habari, kuzoea kazi mno, kukatizwa katikati ya kazi, uchovu, ukosefu wa vifaa, shinikizo la wakubwa, woga wa kusema hapana, na desturi mbaya zilizozoeleka. Orodha hiyo ilibandikwa katika karakana za nchi nyingi. Kanuni za Kanada na za Ulaya zikaanza kudai mafundi wafundishwe juu ya makosa ya kibinadamu, kama wanavyofundishwa juu ya injini. Wakubwa wa kazi wakaanza pia kuelewa kwamba fundi anayeadhibiwa kila anapokiri kosa atajifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza. Kosa lililosemwa usiku linarekebishwa kabla ya asubuhi. Kosa lililofichwa linaruka na abiria.

Na Kongo je?

Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani, unaiachia nchi iliyosajili ndege jukumu la kuthibitisha kwamba inafaa kuruka. Kwa ndege iliyosajiliwa Kongo, jukumu hilo ni la Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kupitia mamlaka yake ya usafiri wa anga. Fundi anatia sahihi, kampuni inamsimamia fundi, na serikali inaisimamia kampuni. Ngazi moja ikilegea, nyingine zinabeba mzigo, kama yale matairi ya Jeddah.

Mwezi Machi 2006, Umoja wa Ulaya ulipotoa kwa mara ya kwanza orodha ya makampuni yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, karibu makampuni yote yaliyopewa kibali na Kongo yalikuwemo, na Kongo imebaki katika orodha hiyo kwa miaka mingi. Wakongomani wengi waliona ni dharau. Lakini sababu iliyotolewa haikuwa kwamba mafundi wa Kongo hawajui kazi. Ilikuwa kwamba usimamizi wa serikali hauaminiki vya kutosha. Ulaya ilijilinda. Msafiri wa Bunia, Kindu au Kalemie hakulindwa na orodha ile, maana yeye hana ndege nyingine ya kuchagua.

Katika nchi ambamo ndege nyingi zilishazeeka mikononi mwa wengine kabla ya kufika, daftari lina thamani kuliko pengine popote. Injini isiyo na historia iliyoandikwa haijulikani imeruka saa ngapi, na kifaa kisicho na karatasi ya asili hakijulikani kilitoka ndege gani. Fundi anaweza kuwa hodari sana, lakini hawezi kwa macho kuuona umri wa chuma.

Abiria naye haruhusiwi kulifungua daftari la ndege, na hata akilifungua hataelewa mengi. Ila kuna jambo moja lililo mikononi mwake. Katika ajali hizi nne, adui aliyejitokeza mara tatu ni yuleyule: haraka. Houston ndege ilitakiwa asubuhi. Jeddah msimamizi hakutaka kungoja naitrojeni. Birmingham zamu ilikuwa na watu wachache na kioo kilitakiwa kiwe tayari. Haraka hiyo haitoki kwa wakubwa peke yao. Inatoka pia kwa mfanyabiashara anayepiga kelele kwamba bidhaa zake zitaoza, kwa abiria wanaomzonga wakala wa kampuni, kwa kiongozi anayepiga simu ili ndege isichelewe.

Siku itakapotangazwa uwanjani kwamba safari imeahirishwa kwa sababu fundi hajatia sahihi, watu watakasirika, na wana haki ya kuelezwa na kupewa pahali pa kulala. Lakini pengine wakati huohuo kuna mtu yuko juu ya ngazi, ana tochi mkononi, anahesabu skrubu moja baada ya nyingine, kisha anashuka na kuandika katika daftari kwamba kazi haijamalizika, ili yule wa zamu ijayo ajue aanzie wapi. Mahujaji 247 wa Sokoto hawakumpata mtu huyo.